Dhahabu ya Afande Ladu

Afande Ladu alipofariki aliacha shamba la mihogo kule Dranya, nyumba ya vyumba viwili, watoto wawili, na dhahabu. Hayo mengine hayakuzungumzwa sana. Dhahabu ndiyo iliyozungumzwa, na haikuanzia msibani. Binti yake Kiden alikuwa ameisikia tangu hajang'oa meno ya utoto.

Dhahabu yenyewe ilikuwa medali. Ladu aliipata mwaka 1974, akiwa koplo, kwenye mashindano ya ngumi ya majeshi yaliyofanyika Kampala. Alimwangusha Mkenya mmoja mrefu katika raundi ya tatu, akavishwa medali shingoni, na tangu siku hiyo akajiona mtu mwenye akiba. Serikali ilipoanguka mwaka 1979 na watu wa West Nile, kwao rais aliyepinduliwa, wakaanza kuwindwa, familia ilikimbilia Zaire kwa miguu. Mama yao aliificha medali ndani ya ngata, akaiweka ngata kichwani, na juu yake chungu cha maharagwe. Askari wa njiani walimpekua mwili mzima. Kichwani hawakugusa.

Kule Aba, ndani ya Zaire, walikaa miaka sita. Mwaka wa pili surua iliingia kambini, ikamshika Nora, kitinda mimba wao, aliyekuwa na miaka mitatu. Mfanyabiashara mmoja wa kule alikuwa ameahidi kuwapa mbuzi wanne, na dawa yoyote watakayoitaka, kwa ile medali. Ladu alikataa. Alisema dhahabu huuzwa siku ya shida kubwa. Nora alizikwa Alhamisi, na toka hapo mama hakuigusa tena medali ile kwa mkono wake. Akifagia chumba na kulikuta sanduku, alifagia kulizunguka.

Mama naye alishakwenda kaburini. Ladu akaishi mpaka mwaka wa sabini na saba wa umri wake, na miaka sita ya mwisho aliimalizia kitandani, upande wa kulia umepooza, mdomo umekwenda pembeni. Aliyemuuguza ni Kiden. Ndoa yake ya kule Omugo ilikuwa imevunjika zamani, watoto hakujaliwa, na kaka yake Yangi alikuwa dereva wa lori wa njia ya Juba. Basi ikaonekana wazi kwa kila mtu, bila kikao wala kuulizwa, kwamba kazi ile ni yake. Alimgeuza baba yake kila baada ya saa chache ili asiote vidonda. Alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko, alifua mashuka asubuhi na kuyafua tena jioni. Mzee alikuwa na mwili wa bondia hata alipokonda. Wiki sita baada ya mazishi Kiden alikuwa bado akishtuka usingizini akidhani ameitwa, anakaa kitako, anakumbuka, anajilaza, na usingizi haurudi. Uchovu wake haukuwa wa kazi ya jana. Ulikuwa umelala ndani ya mifupa, na alikuwa amekwisha kuuzoea kama mtu anavyozoea kuchechemea.

Hapo ndipo Yangi alipokuja kutoka Arua kwa pikipiki ya kukodi, akasema sasa waitoe ile medali.

Hakuja kwa ubaya. Alikaa kwenye mkeka, akanywa chai, akaeleza hesabu yake taratibu. Tayari alikuwa ameuliza bei ya dhahabu kwa watu wanaonunua mzigo wa Kongo, na kwa uzito aliokumbuka, medali ile haiwezi kukosa milioni hamsini. Wagawane nusu kwa nusu. Yeye amebeba mizigo ya matajiri kwa miaka ishirini na miwili, mgongo umekwisha, macho yanaanza kuona taa mbili mahali penye moja. Kwa nusu yake angetanguliza malipo ya lori dogo na kuajiri kijana aliendeshe. Aliongea akitazama vidole vyake. Kiden aliona kwamba kaka yake amezeeka.

Yeye mwenyewe alipojiuliza angefanyia nini nusu yake, hakupata jibu la haraka. Labda bati jipya. Labda mtu wa kumlimia msimu mmoja, mmoja tu, yeye akae. Akaingia chumbani, akalifungua sanduku, akatoa soksi ya kijeshi iliyofungwa fundo. Medali ilikuwa ndani, njano vilevile, na utepe wake umefifia.

Muzamili ananunua dhahabu Arua, kwenye chumba kidogo chenye wavu wa chuma dirishani. Ni mtu wa maneno machache, mwenye mizani ya kioo, jiwe jeusi la kupimia na vichupa vya asidi. Aliisugua medali kwenye jiwe, ukabaki mstari wa njano. Akadondosha asidi, mstari ukabaki palepale. Yangi akamtazama dada yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Lakini Muzamili hakutabasamu. Aliiweka kwenye mizani, ikasoma gramu mia moja arobaini na nane. Akaipima unene na upana, akaipima tena, kisha akasema kitu kikubwa hivi kingekuwa dhahabu kingekuwa kizito karibu mara mbili. Akaomba ruhusa aguse ukingo kwa tupa.

Tupa ilipita mara tatu. Chini ya njano kulikuwa na weupe. Muzamili akadondosha tone kutoka kichupa kingine, na pale penye weupe tone likageuka jekundu kama damu.

"Hii iko fedha," alisema. "Dhahabu iko juu tu, kama rangi ya mlango. Watu wa michezo hufanya hivyo siku zote."

Akawaeleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kutoa habari hiyo kwa wengine. Zamani sana, kabla ya babu zao kuzaliwa, kulikuwa na mashindano yaliyotoa medali za dhahabu tupu. Siku hizi hata zile za Olimpiki ni fedha iliyopakwa dhahabu kidogo, gramu sita hivi. Mshindi wa pili anapewa fedha. Wa tatu anapewa shaba, ambayo ndiyo ileile ya nyaya za umeme. Na mashindano mengine madogo hayatoi hata fedha. Yanapaka rangi kwenye zinki, na zinki yeye hainunui. Kwa hiyo mzee wao hakudanganywa. Alipewa medali nzuri. Kwa uzito ule, yeye Muzamili angetoa laki tano.

Yangi aliiokota medali, wakatoka hadi barabarani. Boda boda zilikuwa zikiwapigia honi wapishe. Alisimama katikati ya wapita njia, uso umekaza.

"Ya baba uliipeleka wapi?" akauliza.

Kiden hakuelewa. Ikabidi kaka yake aseme yote. Kwamba miaka sita Kiden alikuwa peke yake na sanduku. Kwamba mzee asingeweza kuinuka wala kusema. Kwamba Koboko, mji wao wa karibu, iko mpakani, mafundi wa kuyeyusha na kuiga vitu hawakosekani, na mtu akishauza ya kweli, kuweka ya bandia kwenye soksi ni kazi ya siku moja. Alisema baba yao hakuwa mjinga wa kukumbatia rangi kwa miaka hamsini.

Kiden alitafuta hasira yake ndani, asiione. Alichokipata ni hamu ya kukaa chini, palepale barabarani. Yangi aliivingirisha medali kwenye soksi, akaitia mfukoni, akasema itakaa kwake mpaka ukoo uamue. Kiden akarudi Dranya peke yake.

Habari mbaya haihitaji nauli. Jumapili kanisani wanawake walimpa mkono na kuutoa upesi. Jirani aliyekuwa akimletea maji akapitisha siku mbili. Jumamosi iliyofuata Santo, mdogo wake marehemu, aliita kikao cha ukoo nyumbani kwa Ladu, na Kiden ndiye aliyewapikia waliokuja kumhukumu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Yangi alisema yake. Kisha Santo akamgeukia Kiden, akamwuliza kwa sauti ya kumwonea huruma kama ana cha kusema kuhusu hizo pesa.

"Baba mdogo," Kiden alisema, "kama mimi ningekuwa na milioni hamsini, ningemgeuza baba kwa mikono hii miaka sita? Si ningemwajiri mtu?"

Wengine waliinamisha macho. Lakini mmoja akasema mwizi mwenye akili haonyeshi alichoiba, na kikao kikaanza upya. Mwishowe Santo aliomba Biblia iletwe. Kiden aweke mkono juu yake, aape kwamba medali hii ndiyo ileile, na maneno yaishe.

Lilikuwa jambo jepesi, na kila mtu alitegemea alifanye. Kiden aliitazama Biblia ile. Aliwaza mashuka aliyofua. Aliwaza Nora, ambaye hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumtaja, na mama yake akilizunguka sanduku kwa ufagio. Akasema hataapa. Santo alidhani hakusikia vizuri, akarudia. Kiden akasema amesikia. Ila amechoka, na kama miaka sita haitoshi kuwa kiapo, basi hana kingine. Akainuka akaenda kuosha vyombo. Nyuma yake manung'uniko yalipanda. Wengi walichukua kukataa kwake kuwa ndiko kukiri. Santo alitoa wiki moja: aape au alipe.

Wiki hiyo alilima. Hakulia, wala hakwenda kumtafuta mtu wa kumtetea. Jioni alikaa mlangoni na mikono yake mapajani, akishangaa jinsi ilivyokuwa haina kazi.

Jumamosi ya pili watu walikuwa wamekwisha kukaa boda boda ilipoingia uani na kumshusha mzee mmoja mfupi, mkakamavu, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono. Alikuwa Shafik, fundi cherehani wa Koboko. Wakubwa walimfahamu: alikuwa jeshini pamoja na Ladu, akapigana katika mashindano yaleyale, uzito mwepesi, akashinda vilevile. Msibani ndiye aliyeliweka sawa shuka juu ya jeneza. Aliposikia maneno haya kwa mteja wake, alifunga cherehani akaja.

Hakutaka chai. Alimwamkia Santo, akakaa kwenye benchi, akatoa kwenye mfuko wa kanzu kitambaa cha kijani. Ndani mlikuwa na medali, ndugu pacha wa ile ya Ladu: maandishi yaleyale ukingoni, mwaka uleule, ngumi mbili zilezile zilizokutana katikati. Akamwomba Yangi atoe ile ya baba yake. Zikawekwa pamoja juu ya stuli, na watu wakasogea kuangalia.

"Sasa leta msumeno wa chuma," Shafik akamwambia Yangi. "Kata hii yangu."

Yangi alisema haitakuwa lazima. Inaweza kuguswa kwa tupa tu, pembeni kidogo, kama alivyofanya Muzamili. Shafik akatikisa kichwa. Tupa huonyesha ukingo, alisema, na kesho mtu atasema katikati kulikuwa na dhahabu. Yangi akatazama huku na huku kama anayetafuta wa kumwokoa. Santo hakumsaidia. Basi akauchukua msumeno kwenye begi lake la vifaa vya lori, akaibana medali ya mzee kwenye ukingo wa benchi, akaanza.

Ilichukua muda. Msumeno uliteleza, ukashika, ukaendelea kulia kidogokidogo, na unga mweupe ukawa unamwagika juu ya kiatu cha Yangi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mzee Shafik peke yake alitaka ikatwe mpaka mwisho. Vipande viwili vilipoanguka alivichukua, akavigeuza jua lipige pale palipokatwa. Vyote vilikuwa vyeupe kutoka upande hadi upande, na dhahabu ilikuwa uzi tu mwembamba pembeni, mwembamba kuliko uzi wake wa kushonea.

Santo akamwuliza kwa sauti ya chini kama alikuwa akijua.

"Hapana," Shafik alisema. "Mimi pia nilifikiri iko dhahabu. Miaka hamsini na moja." Akavipanga vipande kwenye goti, kimoja kando ya kingine. "Nilikuwa nimewaambia wajukuu."

Kiden, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtu asiyehusika, aliwapita watu waliozunguka stuli. Alikwenda akachuchumaa mbele ya mzee, akamwambia hakuwa na haja ya kufanya vile. Yeye angevumilia maneno, ameshavumilia makubwa zaidi. Shafik akamjibu kwamba anajua. Alipokuja kumtazama Ladu wakati wa ugonjwa, miaka yote ile, hakuwahi kumkuta na shuka chafu. Hilo alilisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, kisha akaomba maji.

Kikao kilivunjika bila hukumu kusomwa. Watu waliondoka wawiliwawili, wengine wakimpa Kiden mkono na safari hii wakiushikilia. Santo alisema neno refu kuhusu shetani kuingia kwenye familia. Kiden alilisikiliza lote kwa adabu.

Yangi hakuondoka. Alifagia unga wa fedha kwa kiganja, akautia kwenye karatasi, hakujua aupeleke wapi. Kesho yake hakwenda Arua. Aliamka akachukua jembe, akalima mistari minne ya mihogo kwa mikono isiyozoea, akarudi na malengelenge. Kiden akampa uji. Kisha Yangi akasema kwamba njiani kwenda Juba, kwenye vizuizi, mtu anapomnyang'anya pesa na kumtukana, siku zote alijiambia si kitu, nyumbani kuna dhahabu. Aliponyang'anywa na hiyo alitaka kumshika mtu yeyote aliye karibu. Na aliyekuwa karibu ni Kiden.

"Nilikukosea, dada," alisema.

Kiden alikubali kwa kichwa. Kusamehe kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo bado, lakini alimwongezea uji.

Baadaye ndipo alipouliza jambo lililomkaa rohoni. Je, yule mfanyabiashara wa Aba, na mbuzi wake wanne, alijua kwamba ni fedha? Yangi, aliyekuwa na miaka kumi wakati ule, alifikiri sana. Akasema hadhani alijua. Angetoa tu dawa, aondoke na furaha yake.

Walikubaliana wauze. Kabla ya hapo Kiden alipitia Koboko, akamwambia Shafik avitoe vile vipande, avipeleke kwa Muzamili viunganishwe kwa gharama yao. Alama itaonekana, lakini itakuwa medali tena. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema amechelewa. Kipande kimoja amekwisha kukiuza, amenunulia cherehani mota, maana miguu yake haiwezi tena kukanyaga siku nzima. Kipande cha pili, chenye utepe, anakiweka. Wajukuu wamegombania nani atakivaa kwanza, na hawajali ni cha dhahabu au cha fedha.

Muzamili alitoa laki tano na elfu ishirini, akiongeza hizo ishirini bila kuombwa. Kiden alitazama mizani ikisoma namba zilezile, kisha medali ikatupwa kwenye bakuli pamoja na vipuli na mikufu iliyokatika. Haikumuuma kama alivyotegemea. Walipotoka Yangi alimhesabia nusu yake, naye Kiden akaipokea, wala hakujifanya haihitaji.

Lori lilikuwa linapakiwa saa nane kwa safari ya Juba. Kiden alisema atamsubiri chumbani kwake apumzishe miguu kidogo, halafu ashike njia ya Dranya. Chumba cha Yangi kilikuwa na kitanda kimoja, jiko la mkaa na kalenda ya mwaka juzi. Alivua viatu, akajiegesha ukutani, akasema moyoni ni dakika tano tu.

Alipofumbua macho jua lilikuwa upande usiofaa. Alikuwa amefunikwa blanketi. Alikaa kitako haraka, akisikiliza kama ameitwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua mchele mlangoni kwake, ng'ambo ya kiwanja, alimwona akamsogelea. Alijitambulisha kuwa ni Jamilah, jirani. Akasema kaka yake aliondoka jana.

"Jana?" Kiden akauliza.

Jana, Jamilah akasema, na alimwachia maagizo kwamba mtu yeyote asimwamshe, hata watoto wakicheza mpira wasogee mbali. Chakula kiko kwenye sufuria. Ufunguo ataacha kwake siku atakayotaka kwenda.

Kiden alikula maharagwe na kwanga, ule mkate wa muhogo wa Kongo, akaosha sufuria, akakaa. Kule nyumbani kuku walikuwa kwa jirani, na mihogo haikimbii. Alifikiria ni nani wa kumgeuza, ni shuka gani la kufua. Alipokosa, alijilaza tena, akajifunika blanketi la kaka yake mpaka shingoni.